Mbwa Niliyemchagua kwa Mikono Yangu

Mbwa wetu wa kwanza aliishi siku tisa.

Tulimnunua Muheza, pale njia panda, kwa mchuuzi mmoja aliyeketi kando ya wauza machungwa na tenga lake miguuni. Ndani ya tenga hamkuwa na machungwa, mlikuwa na watoto wanne wa mbwa wamelaliana. Tulikuwa tunarudi Tanga kutoka kwetu Lushoto, tulikokwenda kuzika. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, na haamini kwamba kuna kitu asichokijua. Aliinama, akamnyanyua mmoja kwa ngozi ya shingo, akamgeuza huku na huku.

"Huyu," akasema. "Tazama nyayo zake zilivyo kubwa. Huyu atakuwa simba."

Mchuuzi akaapa kwamba mtoto yule ana miezi miwili na amekwisha kuchanjwa. Kadi ya chanjo? Ameisahau nyumbani. Mama yake yuko wapi? Naye yuko nyumbani. Tukaridhika, tukamchukua.

Mimi ni mkunga. Kwa miaka kumi na tisa nimepokea watoto wa watu, na sijapata kumruhusu mzazi atoke wodini kabla sijamkagua mtoto wake kuanzia utosini hadi unyayoni. Lakini siku ile nilimpakata yule kiumbe kutoka Muheza mpaka mtaani kwetu Usagara, Tanga mjini, bila hata kumfunua mdomo. Nilipomfunua, tumeshafika nyumbani, nikakuta meno ndiyo kwanza yanachomoza. Miezi miwili iko wapi! Hakuwa hata na wiki tano. Tumbo lilimvimba kama ngoma kwa minyoo.

Siku ya sita akakataa maziwa. Siku ya saba akaanza kuharisha damu. Bwana mifugo wa kata yetu alikuja, akamtazama, akaniambia taratibu kwamba ugonjwa huu ukimshika mtoto asiyechanjwa, kupona ni bahati. Nikamtundikia maji ya dripu kwa maelekezo yake, nikashinda naye. Siku ya tisa asubuhi akafia juu ya kanga yangu kuukuu. Mume wangu alikuwa njiani kuelekea Tunduma. Nilichukua jembe nikachimba shimo peke yangu nyuma ya banda la kuku, na kusema kweli aibu ilinizidi kuliko huzuni. Mwanafunzi wangu wa ukunga angefanya kosa kama lile, ningemsema mpaka alie.

Jirani yetu alisikia jembe. Sisi na yeye tumepakana ukuta kwa ukuta. Ni mama wa makamo ya mama yangu mzazi, na kila alasiri watoto wa mtaa hujaa barazani kwake na juzuu zao, akiwasomesha Kurani. Siku ile ya kwanza tulipomleta mbwa aliniita pale ukutani, akanieleza bila kuzunguka.

"Mwanangu, sikukatazi kufuga. Nyumba ni yako, na wezi wamewaingilia mara mbili, nimeona kwa macho yangu wakiondoka na pampu ya maji. Ila mimi nasomesha watoto. Wanakuja na udhu wao. Mbwa akiwaramba, au akiwakimbiza, nani atakuja tena barazani kwangu?"

"Hatatoka nje, mama."

"Mbwa ana miguu. Atatoka."

Sasa alikuja na kopo la maji, akanimiminia ninawe mikono ya udongo. "Pole, mwanangu," akasema. "Naye alikuwa kiumbe wa Mungu." Kisha, akiwa anaondoka, akageuka. "Ukileta mwingine, lete mwenye adabu."

"Adabu nitamfundisha, mama."

"Nimesomesha watoto miaka thelathini," akasema. "Kuna wanaokuja wametulia tangu kwao. Na kuna wengine, hata ukeshe unawafundisha. Angalia unachokileta."

Maneno yale yalinikaa. Wiki iliyofuata nilikwenda ofisini kwa bwana mifugo, nikamwambia nataka mbwa mwingine, na safari hii sitaki kubahatisha. Alicheka kidogo.

"Basi acha kwenda kwa wanaouza mbwa, nenda kwa anayezalisha mbwa. Kuna mama mmoja Mbondei, ndani kidogo ukitoka Muheza. Marehemu mumewe alikuwa akifundisha mbwa wa ulinzi, na yeye ameendelea. Ana majike mawili tu. Lakini nakuonya, hampi kila mtu."

Nilikwenda siku yangu ya mapumziko. Nyumba ilikuwa ndani ya michungwa, uwanja umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Nilinusa hewa, kama ninavyonusa wodi nikiingia zamu. Hakukuwa na harufu ya mkojo wala ya uchafu. Mama mwenyewe alikuwa mrefu, mkavu, amejifunga kitenge kiunoni, vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nawa kwanza. Na viatu vichovye hapo."

Kulikuwa na ndoo ya maji na sabuni, na beseni la maji ya dawa la kuchovya soli za viatu. Nikampenda hapo hapo, kabla sijaambiwa hata nikae.

Aliponikaribisha kigoda alianza kunihoji, na niliyekuja kuuliza maswali nikawa wa kujibu. Nakaa na nani? Ukuta wangu una urefu gani? Nikiwa zamu, nani atampa mbwa maji? Mume wangu akiwa safarini, nani atamtembeza? Nataka mbwa wa kufunga mnyororo mchana kutwa, au wa kuishi naye? Alipofika kwenye swali la kama nimewahi kufuga, nikamsimulia yule wa siku tisa, sikumficha kitu. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akauliza, "Alikuwa akilala wapi?"

"Kibarazani, nyuma."

"Chini pana nini? Saruji au udongo?"

"Saruji, na udongo mbele yake."

"Ugonjwa ule unabaki ardhini muda mrefu. Saruji isugue kwa dawa ya kuulia wadudu, siyo sabuni tu. Vyombo vyake choma. Banda jipya liweke upande mwingine kabisa wa nyumba. Na huyo utakayemchukua asikanyage udongo ule mpaka amalize chanjo zake zote."

Kisha akapiga mluzi. Kutoka nyuma ya jiko akatokea mbwa jike wa aina ile ya polisi, mgongo mweusi, miguu rangi ya majani makavu, maziwa yananing'inia. Watoto walikuwa na wiki tatu tu, na mama yule hakuniruhusu hata kuwachungulia.

"Leo utamwona mzazi," akasema. "Ukifika mahali ukaona mzazi anajificha, au anakutolea meno na mwenyewe yupo karibu na anajua hujamfanya kitu, ondoka. Usiangalie watoto hata kama ni wazuri vipi."

Jike yule alinijia moja kwa moja. Akanusa mikono yangu, akanusa viatu, akakaa chini kando ya mwenyewe na kunitazama, kama mtu anayesikiliza maongezi.

"Naweza kuja kuchukua baada ya wiki tatu?" nikauliza.

"Hapana. Watimize wiki nane. Sasa hivi wanacheza kwa kung'atana. Mmoja akizidisha, mwenzake analia na mchezo unakwisha. Hapo ndipo wanapojifunza meno yanaumiza. Ukimtoa mapema, somo hilo utamfundisha wewe, kwa ngozi yako."

Nilirudi nyumbani na kazi ya wiki tano. Nilisugua saruji mara tatu. Nilimwita fundi akajenga banda upande wa mashariki, kwenye kivuli cha mpapai, mbali na kibaraza cha zamani. Mume wangu alipiga simu kutoka Morogoro akasikia habari zote hizo, akacheka mpaka akakohoa.

"Mbwa gani huyu anasubiriwa kama pasipoti?"

"Subiri tu," nikamwambia. "Na siku yenyewe utakuwepo."

Alikuwepo kweli. Aliazima kirikuu, gari dogo la mizigo la rafiki yake, tukaondoka asubuhi. Njia nzima alinieleza namna ya kuchagua mbwa: dume, mkubwa kuliko wote, anayewasukuma wenzake.

Watoto walikuwa saba. Mama aliwafungulia wakamwagika uwanjani kama maharage kutoka kwenye gunia, wakakimbilia sinia la uji. Mmoja, dume jeusi lenye kifua, aliwapanda wenzake mgongoni, akatumbukiza miguu yote miwili ya mbele kwenye sinia, akala amesimama humo humo.

"Huyo!" mume wangu akapiga kofi pajani. "Mnaona? Nimesema nini?"

Mama yule akanigeukia mimi. "Na wewe?"

"Mimi sijaona kitu bado, mama. Naomba mkeka."

Nilikaa mkekani, nikaomba niletewe lile dume jeusi. Nikaanza kama ninavyoanza kwa kila mtoto. Macho, hayana tongo wala machozi. Masikio, nikayafunua nikayanusa, hayana harufu. Pua haina kamasi. Nikamfungua mdomo nikapitisha kidole kwenye kaakaa, mzima. Nikabonyeza fizi kwa kidole, ikawa nyeupe, nikaachia, wekundu ukarudi mara moja. Nikavuta ngozi ya shingo nikaiachia, ikarudi mahali pake. Nikaweka kiganja ubavuni kusikia moyo. Mume wangu alikuwa amesimama mikono nyuma, amevimba kwa fahari kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa.

Kisha nikamlaza chali na kushuka tumboni. Kwenye kitovu vidole vyangu vikakutana na kitu. Uvimbe mdogo, laini, kama zabibu. Nikaubonyeza taratibu, ukaingia ndani. Mtoto akalia, tumbo likakaza, uvimbe ukatoka tena.

"Mama," nikasema, "naomba uweke kidole hapa."

Alipiga magoti kwa shida. Akapapasa, akarudia, akapapasa tena. Uso wake ukabadilika.

"Juzi nimewapima wote," akasema polepole. "Nimewapitia mmoja mmoja. Sikuihisi hii."

Akavitazama vidole vyake vilivyopinda, na mimi nikavitazama.

"Ni ngiri ya kitovu," nikasema. "Ndogo. Angekuwa mtoto wa binadamu ningesema tusubiri, wengi hufunga wenyewe. Kwa mbwa sijui. Aulizwe daktari."

"Sasa kitovu kinahusu nini?" mume wangu akaingilia. "Kwani mbwa anabweka kwa kitovu?"

"Huyu haondoki hapa," mama akasema, akajiinua. "Mpaka daktari amwone na aseme lake. Sijawahi kumpa mtu mbwa mwenye dosari niliyoijua." Kisha akanitazama kwa muda, namna ambayo matroni wangu wa zamani alinitazama siku nilipogundua mapacha ambao daktari hakuwa amewasikia. "Kagua na hao wengine sita. Wote. Na ukiona kitu, sema kwa sauti."

Nikakagua wote. Ilinichukua saa nzima, na sikumbuki saa tamu kama ile tangu siku niliyovaa sare kwa mara ya kwanza. Mama alikaa pembeni yangu akirudia kila nililosema ili asisahau. Mmoja jicho la kushoto linatoa machozi. Mmoja fizi zimepauka, apimwe minyoo tena. Wanne wazima, hawana doa. Hata mume wangu aliacha kusema, akaja kuchuchumaa karibu, na nilipomfungua mdomo yule wa mwisho nikamsikia akiuliza kwa sauti ndogo, "Hapo unatafuta nini?" Nikamwonyesha.

"Mwili umeuona," mama akasema. "Sasa tuone roho."

Akanituma nikasimame nyuma ya ghala, mahali ambapo wale watoto hawajawahi kufika. Akawaleta wale wanne mmoja mmoja, akamweka chini na kuondoka. Wa kwanza aliganda pale alipowekwa, akajikojolea. Wa pili alinivamia, akauma pindo la gauni langu na kuning'inia, nikimtoa anarudi kwa hasira zaidi. Wa tatu alinipita kama mti, akaenda kutafuta kuku.

Wa nne alikuwa jike. Mwili wa wastani, sikio moja limesimama, la pili limelala kama jani lililovunjika. Alisimama akanusa hewa. Akanitazama. Akaja akitembea, siyo akikimbia, mkia unapunga chini chini, akakaa juu ya kiatu changu.

Nyuma yake mama alirudi akinyata, akaachia mfuniko wa sufuria ukaanguka juu ya jiwe. Mlio wake ulinishtua hata mimi. Yule mdogo akaruka, akageuka, akautazama mfuniko. Akapiga hatua moja, ya pili, akaufikia, akaunusa pande zote, kisha akarudi kukaa juu ya kiatu changu.

"Umeona?" mama akasema. "Kushtuka siyo kosa. Mimi natazama anavyorudi."

Nikamgeuza chali kwenye mapaja yangu. Alipiga mateke mawili, akalegea, akanitazama usoni. Nikamshika vidole vya miguu kimoja kimoja, nikamfunua midomo, akaniachia. Mama akaleta uji kidogo kwenye kibakuli. Alipokuwa anakula nikaweka mkono wangu ndani ya chakula. Alisogeza kichwa upande, akaendelea na shughuli yake. Nikawawazia wale watoto wa chuo cha jirani yangu wakipita na juzuu zao kifuani.

"Huyu," nikasema.

"Jike?" mume wangu akashtuka. "Tena sikio lenyewe limelala!"

"Sikio litasimama, au halitasimama," mama akamjibu. "Mbwa habweki kwa sikio."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mume wangu aliinama, akaligusa lile sikio lililolala. "Haya," akasema mwishowe. "Hata simba, jike ndiye anayewinda."

Tukapewa kadi yenye tarehe ya chanjo ya kwanza na za dawa ya minyoo, na kipande cha gunia alicholalia mama yake ili apate harufu ya kwao. Mama akatoa sharti moja tu. "Ukishindwa naye, mrudishe hapa. Usimpe mtu." Nikamwahidi. Njia nzima kurudi Tanga nilimpakata, safari hii namjua ndani na nje, na nilikaa kwenye kile kiti cha kirikuu nimenyooka kama ninayepelekwa kutunukiwa nishani.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kazi. Mpaka chanjo zake zilipokamilika hakukanyaga nje. Lakini kila alasiri nisiyokuwa zamu nilikaa naye ndani ya geti, wakati watoto wanapita kwenda chuoni. Ilikuwa kelele, ndala zinaburuzwa, wanaitana, wanasukumana. Mwanzoni alisimama kila mara. Nikamfundisha kukaa. Akikaa, kipande cha dagaa. Baadaye sauti za kusoma zikivuka ukuta alikuwa akijilaza na kufunga macho, na mara mbili tatu nilimwona jirani yangu akichungulia juu ya ukuta. Alipofikisha miezi sita alipata sauti nzito. Mtu akigusa geti hubweka mara moja au mbili, kisha ananigeukia nimwambie. Hakuna aliyeruka ukuta wetu tena. Sikio lile halikusimama.

Yule mama wa Muheza alikuwa akinipigia simu kila wiki kumwulizia. Ndiye aliyeniambia kwamba lile dume jeusi lilifanyiwa upasuaji mdogo, likapona, na sasa liko kwa mwenye shamba la michungwa linakula kuliko ng'ombe. Jike lake la pili lilipozaa, aliniita nikawakague wachanga kabla hajawaonyesha kwa mtu yeyote. Nilikwenda na glavu zangu.

Kisha ikaja siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Gari la matangazo lilipita mitaani siku mbili kabla: wenye mbwa na paka wote wafike uwanja wa shule, bure. Nilipofika, nilitamani kurudi. Uwanja ulikuwa vita. Mbwa wamefungwa kamba za manila, nyaya za umeme, vipande vya kanga, wanabweka, wanarukiana, wengine kamba zimewakaba kwa kuzungukia miti. Bwana mifugo na mwenzake walikuwa wamerudi nyuma ya meza, glavu ya mmoja imechanika kwa meno. Watu wanamlaumu bwana mifugo, na yeye anapaza sauti hakuna anayemsikia.

Kwenye ukuta wa darasa, mbali na vurugu, alisimama jirani yangu na buibui lake, amekumbatia kikapu chenye mfuniko. Alikuja kumchanja paka wake.

Bwana mifugo akaniona. "Mkunga!" akaita. "Mlete huyo mbele! Mlete waone mbwa anavyoletwa!"

Watu wakageuka. Nikafupisha kamba, nikaanza kutembea katikati ya uwanja. Mbwa walitufyatukia kulia na kushoto, mate yanaruka. Nilihisi kamba ikikaza mara moja mkononi mwangu, kisha ikalegea. Tulifika mezani. "Kaa," nikasema, akakaa.

Hapo ndipo nikasikia jirani yangu akipiga ukelele. Paka alikuwa amesukuma mfuniko kwa kichwa, akaruka nje ya kikapu, akakata uwanja kama risasi. Mbwa wote wakachachamaa. Kamba moja ikakatika. Paka akaenda kulia akakuta meno, akageuka kushoto akakuta meno, akatujia sisi, na kwa kukosa pengine pa kwenda akajichomeka chini ya tumbo la mbwa wangu, katikati ya miguu ya mbele, akajikunja hapo amesimamisha manyoya.

Mbwa wangu aliinamisha kichwa akamtazama. Nilimwona misuli ya mapaja ikitetemeka. Akainua uso, akanitazama mimi.

"Tulia," nikamwambia, na sauti yangu yenyewe haikuwa imetulia.

Akatulia. Yule mbwa aliyekata kamba alipotusogelea, wangu alimngurumia mara moja, bila kunyanyua makalio, mpaka mwenye mbwa yule akaja kumkamata. Niliinama, nikamtoa paka taratibu, nikamgeukia jirani yangu. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu, karibu kuliko alivyowahi kumsogelea mbwa maishani mwake, mkono kifuani.

"Subhanallah," akasema.

Akampokea paka, akambana kikapuni, akafunga mfuniko kwa mkono. Watu walikuwa wameanza kupiga makofi. Mtu mmoja nyuma akauliza, mbwa yule ni wa nani? Kabla sijafungua mdomo jirani yangu alikwisha kugeuka na kujibu, kwa ile sauti anayofikia nayo watoto wa safu ya mwisho:

"Huyu ni mbwa wa jirani yangu! Wa ukuta kwa ukuta!"

Bwana mifugo akamchanja paka kikapuni, kisha akamchoma sindano mbwa wangu, naye hata hakupepesa. Akaandika kadi, akaigonga muhuri, akawageukia watu, akawaambia kuanzia sasa kila mtu atasogea namna ile au atasubiri, na ajabu ni kwamba walimtii, wakapanga mstari. Nilimpigia mume wangu, alikuwa Singida. Nilimsimulia yote. "Mimi nilijua," akasema. "Tangu siku ile alipokaa kwenye kiatu." Nikamwachia ushindi wake, maana wangu ulinitosha na kubaki.

Tuliondoka uwanjani saa sita mchana, jua limesimama. Jirani yangu alitembea mkono wangu wa kulia na kikapu chake, mbwa mkono wa kushoto, mimi katikati. Hatukupita uchochoroni, tulipita barabara kubwa ya Usagara. Kila aliyesalimia, kabla hajauliza chochote, jirani yangu alimsimamisha akamsimulia, na kila aliposimulia idadi ya mbwa waliokuwa uwanjani iliongezeka. Walianza arobaini. Kwenye duka la kona walikuwa tisini. Tulipofika getini kwangu walishafika mia mbili, na mimi sikupunguza hata mmoja.